Kuhamishia Kituruki kipimo cha matumizi ya Tinder: neno moja lilitula wiki mbili

Mwenzangu anayesoma uzamili Ankara alitaka kupima uraibu wa programu za kutafuta mwenza mtandaoni, kama Tinder. Tulianzia kwenye kipimo cha watafiti Orosz na wenzake wa Hungaria, cha mwaka 2016, dodoso lenye vipengele sita tu.

1. Omba ruhusa kwa waandishi, kisha kibali cha kamati ya maadili.

2. Tafuta watafsiri wawili, kila mmoja afanye peke yake. Mmoja awe mtu wa saikolojia, mwingine asijue hata unapima nini. Kisha wakae pamoja, watoe nakala moja. Viwakilishi havisumbui: "o" ya Kituruki, kama "yeye" yetu, haibagui mwanamume na mwanamke.

3. Jina la kitu chenyewe. Hapa ndipo tulipokwama. Kipimo kinataja Tinder. Sisi tulitaka programu zote za aina hiyo. (Badiliko hili litaje mapema kwenye barua ya ruhusa. Sisi tuliandika mara mbili.) Waturuki wana "arkadaşlık uygulaması", neno kwa neno programu ya urafiki, na "flört uygulaması". Tulichagua ya kwanza. Mtafsiri aliyelirudisha dodoso kwenye Kiingereza bila kuona la asili akaandika "urafiki", tukadhani tumeharibu. Tukahamia "flört", tafsiri ikarudi safi kabisa. Kumbe ndiyo tulijichongea! Kwenye mahojiano ya majaribio, dada mmoja anayetafuta mume alijibu "sijawahi" kila mahali. Kwake flört ni kuchezeana tu, na yeye hakuja kucheza. Kwa hiyo tafsiri ya kurudisha usiiamini peke yake. Kaa na watumiaji wanane au kumi, wasome kwa sauti, waeleze kila sentensi kwa maneno yao. Mwishowe "arkadaşlık" ilirudi, na juu ya dodoso tukaweka mistari miwili inayotaja Tinder na Bumble na kusema wazi: iwe unatafuta mapenzi, ndoa au mtu wa kupiga naye soga, unahusika.

4. Kusanya majibu kwa watumiaji halisi. Faili lihifadhi kama "CSV UTF-8", muundo unaotunza herufi za lugha zote, la sivyo ş na ğ zinaweza kugeuka takataka kwenye Excel.

5. Chambua kwa R, programu ya takwimu, na lavaan, kifurushi chake cha kupima miundo ya vipimo; ni bure, sioni sababu ya kulipia nyingine. Majibu ya ngazi tano yana mpangilio tu, si namba kamili, basi tumia WLSMV, njia ya makadirio inayofaa majibu ya aina hiyo. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi vipengele vinavyoafikiana, pekee hainitoshi, ongeza omega, kipimo kingine cha jambo hilo hilo. Na usilinganishe wastani wa wanaume na wanawake kabla hujajaribu kama kipimo kinafanya kazi sawa kwa wote.