Kutembea Berlin kwa nyayo za waliojaribu kumuua Hitler

Wageni wanaonipigia simu kutoka Dar, Mombasa au Muscat karibu wote huomba niwapeleke moja kwa moja Bendlerblock, jengo la zamani la makao ya jeshi, maana jina la Kanali Stauffenberg, aliyemtegea Hitler bomu, wameshalisikia. Nawaambia wasubiri. Ukianza na kanali utadhani waliothubutu ni maafisa watupu, tena mwaka 1944, vita vikiwa vimeshamgeukia Hitler. Anza na fundi seremala.

Shuka kituo cha Brandenburger Tor asubuhi, ingia Wilhelmstraße na uelekee kusini. Karibu na kona ya An der Kolonnade kuna chuma chenye urefu wa mita 17, kimekunjwa kufuata uso wa mtu aliyetazamwa kwa ubavu. Ukisimama chini yake utadhani ni nguzo ya taa. Vuka barabara, ndipo sura itakapojitokeza. Huyo ni Georg Elser.

Mwaka 1939 Elser alikuwa akijificha ndani ya ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller huko Munich kila unapofungwa. Usiku baada ya usiku alipiga magoti akichimba nguzo nyuma ya jukwaa ambako Hitler alihutubia kila Novemba. Baruti aliipata kwa kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, na saa ya bomu aliitengeneza mwenyewe. Bomu lililipuka tarehe 8 Novemba saa 3:20 usiku, kama alivyopanga. Ila Hitler alihofia ukungu ungezuia ndege, akafupisha hotuba ili awahi treni ya kurudi Berlin, akaondoka dakika 13 kabla. Wakafa watu 8, mmoja wao mhudumu wa kike. Usiwafiche wageni jambo hilo. Elser alikuwa ameshakamatwa mpakani Konstanz akijaribu kuingia Uswisi. Alipohojiwa alisema alitaka kuzuia umwagaji damu mkubwa zaidi.

Alifungwa miaka kadhaa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kisha akapigwa risasi kambi ya Dachau tarehe 9 Aprili 1945, vita vikibakiza mwezi mmoja tu. Sachsenhausen hiyohiyo ndiko alikofia Mohamed Bayume Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akifundisha Kiswahili chuo kikuu hapa Berlin. Yeye hakuhusika na njama yoyote, lakini simpitishi Mswahili mtaa huu bila kumtaja. Na kwa kuwa mpo hapo, tafuteni namba 92 ya Wilhelmstraße: ndipo ilipokuwa nyumba ya kansela ambamo mataifa yalikaa mwaka 1884 na 1885 kugawana Afrika. Handaki alimojiulia Hitler liko nyuma ya majengo hayo. Sasa ni maegesho ya magari na ubao wa maelezo, dakika mbili zinatosha.

Rudi sasa Unter den Linden, uende mashariki hadi Zeughaus, jengo la waridi lililokuwa ghala la silaha. Ukilikuta limefungwa usihangaike, hadithi inasimulika hata nje. Tarehe 13 Machi 1943 afisa wa jeshi Henning von Tresckow na wenzake walipenyeza ndani ya ndege ya Hitler kule Smolensk, Urusi, furushi la mabomu lililofungwa lionekane kama chupa mbili za kileo cha Cointreau. Halikulipuka, yamkini kwa sababu ya baridi, na siku iliyofuata mwenzao Fabian von Schlabrendorff ilibidi alifuate mwenyewe alichukue kabla halijafunguliwa. Siku nane baada ya Smolensk, humu Zeughaus, afisa mwenzao Rudolf-Christoph von Gersdorff alibeba mabomu mifukoni mwa koti lake, tayari kufa pamoja na Hitler kwenye maonyesho ya silaha zilizotekwa kwa Warusi. Kiwashio kilihitaji dakika 10. Hitler akapita mbio, akatoka baada ya dakika chache. Gersdorff akakimbilia chooni kuking'oa kiwashio.

Hapa pandeni basi la kuelekea Philharmonie, mtembee kidogo hadi Stauffenbergstraße. Kiingilio Bendlerblock ni bure. Ingieni kwanza uani, kisha makumbusho ya juu. Stauffenberg alikuwa amepoteza jicho, mkono wa kulia na vidole viwili vya kushoto huko Tunisia. Tarehe 20 Julai 1944, kwenye ngome ya Hitler iitwayo Wolfsschanze, alikuwa akitega bomu kwa vidole vitatu pale askari alipokuja kumharakisha, kwa hiyo kati ya mabomu mawili akatega moja. Mkoba ukawekwa chini ya meza, mtu akausogeza nyuma ya mguu mnene wa meza. Wanne wakafa, Hitler akapona. Usiku huohuo Stauffenberg na wenzake watatu walipigwa risasi katika ua huu mnaosimama.

Ni hapa ndipo mgeni mmoja lazima aseme, "Siku yake ilikuwa haijafika." Jiandae na jibu. Mimi huwaambia kwamba Hitler mwenyewe alitangaza hivyo hivyo redioni usiku ule, kwamba majaliwa ndiyo yaliyomlinda. Sipendi kumsaidia. Ukungu, baridi, haraka zake na mguu wa meza vinanitosha.

Mkishakula, nendeni Plötzensee, gereza walikonyongewa wafungwa. Msiende na njaa, na majira ya baridi msichelewe, hufungwa mapema. Basi 123 linasimama karibu. Ni chumba kitupu chenye boriti ya chuma na kulabu, na hakuna haja ya kupiga picha mkiwa mnatabasamu. Kati ya 1933 na 1945 watu zaidi ya 2,800 waliuawa hapa.

Mmoja wao ni Arthur Nebe, aliyenyongwa Machi 1945 kwa kushiriki njama ya Julai. Mtajeni hata kama hapendezi kwenye hadithi. Mwaka 1941 aliongoza kikosi kilichoua makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wayahudi. Na mwaka 1939, akiwa mkuu wa polisi wa upelelezi, ndiye aliyesimamia uchunguzi wa bomu la Elser.