Rangi natoa jikoni: sanaa za watoto wa barazani

Cherehani yangu iko barazani, hapa Mikindani, Mtwara. Shule zikishatoka, miguuni pangu wamejaa watoto: wangu, wa dada yangu, na wa jirani ambao sijui huwa nani kawatuma. Penseli za rangi kwao hazikai, wanazitafuna. Kwa hiyo rangi natoa jikoni.

Anza na manjano, ndiyo yenye miujiza. Koroga kijiko kidogo cha manjano ya unga kwenye maji ya moto robo kikombe, yapoe. Mtoto afunge pamba kwenye kijiti, apake karatasi nzima, aianike hadi ikauke kabisa. Sasa wewe mkubwa yeyusha magadi kidogo ya mlenda katika maji. Kazi hiyo usimwachie mtoto, yakimruka machoni ni kilio. Achovye ncha ya kijiti tu, achore samaki juu ya ile njano. Mstari unageuka mwekundu palepale, mbele ya macho yake. Kelele zikitulia, mpe kipande cha ndimu akamulie juu: wekundu unafutika, njano inarudi. Wakubwa kidogo watauliza kwa nini. Waambie magadi ni besi na ndimu ni asidi, na manjano hubadilika rangi yakikutana na besi. Mimi hapo nimeshamaliza kola.

Nyeusi ni mkaa uliotwangwa ukachekechwa kwa kitambaa, ukachanganywa na gundi. Gundi yenyewe: unga wa muhogo vijiko viwili, maji baridi kikombe kimoja, koroga mabuje yaishe ndipo uinjike jikoni. Usiache kukoroga. Ikiwa nzito na kuanza kung'aa, ipua.

Bamia zilizokomaa mno usitupe. Kata kwa upana, chovya kwenye rangi, gonga karatasini: ua limekamilika. Hata wa miaka miwili anaweza, ila mwangalie asile.

Wakubwa nawapa mtindo wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru, kwa majirani zetu, na alikuja kujulikana Dar es Salaam kwa wanyama aliowachora juu ya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli. Rangi zile si za watoto, lakini utaratibu wake unafaa: kwanza paka uwanja wote rangi moja, ukauke, kisha chora mnyama mmoja mkubwa ajaze karatasi, mwisho madoa, kwa ncha ya njukuti. Mtoto akikwambia twiga wake ana miguu mitatu, mwache. Ukishika kijiti umsaidie, picha si yake tena, na kesho atakuletea karatasi umchoree wewe.

Kazi ya siku za mapumziko ni sura ya karatasi ya kuvaa usoni. Geuza bakuli la plastiki, lipake mafuta ya kula nje, kisha bandika vipande vya gazeti vilivyolowa gundi, tabaka kama nne. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi. Kingo zilizochanika hulala vizuri. Anika juani mpaka ukiigonga inalia kavu, kisha banjua. Matundu ya macho toboa mwenyewe. Nywele na ndevu ni usumba wa nazi, meno ni punje za mahindi. Bibi mmoja wa Kimakonde alipita akaniuliza kama nawafundisha watoto kutengeneza mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Wamakonde. Nikamwambia la, bibi, lipiko lina wenyewe na ngoma yake. Hawa wanatengeneza sura ya konda wa daladala. Akacheka, akakaa kitako kuwaonyesha namna ya kuchonga pua kwa karatasi iliyofinyangwa.

Jani la mkorosho nalo lina mishipa minene: liweke chini ya karatasi, sugua juu kwa ubavu wa penseli, jani linajitokeza lenyewe. Majani ruhusa. Maganda mabichi ya korosho marufuku kabisa hata kama yanafanana na figo na watoto wanayapenda, mafuta yake yanababua ngozi. Bibo unaweza kuwaachia walikamue wachoree, lakini wavue kwanza mashati ya shule, maana doa lake sijaona sabuni inayolitoa.