Kufunga maji ya nyumba inayobaki tupu msimu wa kusi, Malindi

Nyumba nyingi za Malindi, hasa zile za pwani kuanzia Casuarina hadi Mayungu, hukaa tupu tangu masika yaanze mwezi wa nne mpaka wageni warudi mwezi wa saba, na nyingine hadi Desemba. Umeme unazimwa na viti vinafunikwa mashuka, lakini maji yanaachwa humo humo kwenye mabomba. Mwenyewe akirudi anakuta mifereji imeshika haizunguki, maji mekundu, harufu ya shimo chumbani, na mbu tele ndani ya nyumba ambayo madirisha yake hayakufunguliwa miezi mitatu. Kazi yangu ni ya bomba, na karibu yote ninayoitiwa Julai yangezuilika kwa asubuhi moja ya kazi mwezi wa nne. Mwongozo huu ni wa mwangalizi aliyeachiwa funguo, na wa mwenye nyumba anayetaka kujua amwagize nini.

Waitaliano wenye nyumba hapa huuliza kama inafaa kumwaga maji yote kama wafanyavyo kwao kwenye nyumba za milimani na magari yao ya kulala. Huko adui ni barafu. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa hupasuka, kwa hiyo wanamwaga kila tone na kutia dawa isiyoganda pale pasipokauka. Hapa hakigandi kitu. Wanaotuharibia ni chumvi, joto na mbu. Kumwaga tunamwaga na sisi, ila kwa utaratibu mwingine, na ziko sehemu ambazo lazima maji yabaki.

Kwanza amua: kumwaga au kuzungusha

Kama kuna mtu wa kuaminika anayeingia ndani ya nyumba kila wiki, usimwage. Mwachie kazi ya kufungua kila mfereji, kila shawa na kila choo kwa dakika chache, moto na baridi, maji ya zamani yatoke na mapya yaingie. Hiyo ndiyo dawa bora kuliko zote, na haigharimu kitu.

Kama mtu huyo hayupo, mwaga. Kinachoharibu nyumba ni kufanya nusu: mtu anafunga mfereji mkuu, anafungua sinki la jikoni kidogo, kisha anaondoka. Sasa bomba lina maji nusu na hewa nusu, na chuma chenye unyevu wa chumvi na hewa kwa pamoja ndicho kinachooza haraka kupita vyote. Nimefungua geti valvu za shaba ya njano zilizokaa hivyo msimu mzima. Nje zina ukoko wa kijani na mweupe, ndani shaba imegeuka wekundu, na ukiipiga kidogo kwa spana inameguka mkononi. Valvu hiyo hairekebishiki. Unakata, unaweka nyingine.

Ukiamua kumwaga, endelea na hatua zifuatazo kwa mfuatano wake.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi na yanaenda wapi

Zunguka nyumba kabla hujashika spana. Nyumba nyingi zetu zina maji ya aina mbili: ya mfereji, yanayoletwa kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na ya kisima, ambayo karibu na bahari huwa na chumvi na chokaa ya matumbawe. Tafuta mita, tafuta pampu, tafuta tangi la chini na la juu. Halafu tafuta mahali bomba la bustani linapoachana na la nyumba. Hapo pasipojulikana, mtu hufunga maji ya nyumba na kuua bustani nzima kabla mvua haijashika sawasawa. Bustani iachwe na njia yake.

Tia alama kwa rangi kwenye kila valvu unayoigusa. Atakayefungua huenda asiwe wewe.

Hatua ya 2: Zima umeme wa maji

Hita, shawa za umeme na pampu, zote zizimwe kwenye bodi, si kwenye swichi ya ukutani tu. Shawa ya umeme ikiwashwa bila maji inaweza kuungua.

Hatua ya 3: Suuza kwa maji matamu kabla ya kumwaga

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mabomba hayakauki kabisa. Kila kona na kila mteremko hubakisha maji kidogo, na kama ni ya kisima, yakikauka yanaacha chumvi juu ya raba na shaba. Kwa hiyo funga kisima, jaza tangi la juu kwa maji ya Baricho, kisha fungua mifereji yote mmoja mmoja mpaka uonje na usisikie chumvi. Siku ambayo mfereji umekauka, na Malindi siku hizo zipo, agiza bouza ya maji matamu. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na kubadilisha mifereji ya nyumba nzima.

Wakati maji yanapita, vua vichwa vya shawa na vile vichujio vidogo vya mdomoni mwa mfereji. Viloweke kwenye siki usiku kucha ili chokaa ilainike, visugue kwa mswaki wa zamani, vikauke, uviweke kwenye mfuko ulioandikwa jina la bafu. Usivirudishe sasa.

Hatua ya 4: Mwaga kutoka juu kwenda chini

Funga njia ya kutoka tangini. Fungua mifereji ya ghorofani kwanza, ya chini baadaye, na mwisho ule mfereji wa nje ulio chini kuliko yote. Ya juu ikibaki wazi hewa inaingia na maji yanashuka yenyewe. Ya chini ikifunguliwa peke yake, maji yananing'inia ndani ya bomba. Flashi vyoo vyote, kisha kausha masanduku yake kwa kitambaa. Usisahau bomba la mashine ya kufulia.

Pampu ina kizibo chake cha chini, kifungue itoke maji yote. Ikikaa na maji ya chumvi, rota (sehemu inayozunguka) hushikana na ganda lake, na siku ya kuwasha inanguruma tu bila kuzunguka hadi waya wa ndani unaungua. Tangi la presha nalo limwage, kisha pima upepo wake kwa geji ya tairi likiwa tupu. Kama pampu imepangwa iwake presha ikishuka hadi baa 1.5, upepo uwe kama baa 1.3. Kipimo kikipungua sana, ongeza kwa pampu ya baiskeli.

Hita ya jua ina sheria yake. Usiimwage wala kuijaza mchana, kwa sababu mirija ya kioo yenye moto ikikutana na maji baridi hupasuka. Mimi huiacha imejaa maji matamu na kufunika mirija kwa turubai lililofungwa vizuri kwa kamba, kwani nyumba isiyotumia maji huyafanya yachemke humo ndani kila siku na valvu ya usalama itapike mpaka ichoke. Kama ile fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tangi lake haijatazamwa kwa muda, itazame sasa. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi, na ikiisha, linalofuata ni tangi lenyewe.

Hatua ya 5: Matangi

Watu wengi hapa humwaga tangi la juu na kuliacha wazi. Kusi ikikaza mwezi wa sita, tangi tupu la plastiki ni jepesi sana kukaa juu ya mnara bila kufungwa, ilhali lile lile la lita 1,000 likijaa linapita tani moja na haliendi popote. Ama ulifunge kwa kamba nene pande nne, ama uliache limejaa na kifuniko kimebana. La chini, hasa kama ni la plastiki lililozikwa, liache na maji. Masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, maji ya ardhini yanapanda na tangi tupu linaweza kusukumwa juu au kubonyea.

Tangi lolote lililobaki na maji lizibwe dhidi ya mbu: kifuniko kisicho na ufa, na wavu mwembamba kwenye bomba la kufurikia. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hapendi mtaro mchafu. Anataka maji safi yaliyotulia. Mwaka 2004 chikungunya ilipoenea Lamu na kuwaangusha watu wengi mno, ilikuwa wakati wa ukame, na mbu walizaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Wazee wa Lamu walilijua jambo hili zamani: ndani ya birika la bafuni walifuga visamaki vya kula viluwiluwi, na sakafuni mwa birika wakazika bakuli la kaure, ili maji yakiisha samaki wabaki na pa kuishi.

Hatua ya 6: Maji yanayopaswa kubaki

Lile bomba lililopinda chini ya kila sinki, chini ya shawa na ndani ya choo hushika maji kidogo yanayozuia hewa ya shimo isipande ndani. Kwa joto letu maji hayo hukauka, na ndipo harufu na mende huingia. Mwaga jagi la maji matamu kwenye kila tundu, halafu juu yake vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kupikia. Mafuta yanaelea, yanazuia maji yasikauke haraka, na viluwiluwi haviwezi kupumua chini yake. Usitumie mafuta ya taa wala dizeli, yanalainisha raba na kuharibu kazi ya shimo. Kwenye choo, tandaza plastiki juu ya bakuli kisha ushushe kifuniko.

Mwisho pakaa grisi ya silikoni kwenye nyuzi za valvu, na, isipokuwa zile ulizozifunga kuzuia maji, uziache zimefunguka nusu. Iliyokazwa hadi mwisho ndiyo inayoshika.

Wakati wa kufungua

Anza siku mbili kabla ya wageni. Mwaga maji yote yaliyolala tangini na kwenye hita ya jua (hita ni alfajiri, turubai likiwa bado juu), sugua, jaza upya. Tia dawa ya klorini isiyo na manukato: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, lita moja na nusu inatosha tangi la lita 1,000. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, hewa inayotoka ni sumu. Fungua kila mfereji mpaka usikie harufu ya klorini, funga, acha ilale usiku kucha ndani ya mabomba. Maji hayo yasinywewe, yasiogewe, na yasimwagiwe maua.

Asubuhi mwaga tangi, jaza tena, suuza mpaka harufu iishe. Shawa zisuuzwe zikiwa bado hazina vichwa, na madirisha ya bafu yawe wazi. Bakteria wa Legionella, anayeleta homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji yaliyosimama yenye nyuzi 25 hadi 45, na hilo ndilo joto la mabomba yetu mwaka mzima. Humwingia mtu kwa kuvuta ule mvuke wa matone madogo ya shawa. Kwa hiyo kwenye mabafu fungua maji, toka nje, rudi kufunga.

Jaza pampu maji kabla ya kuiwasha, na zungusha feni yake kwa mkono uone kama iko huru. Rudisha vichwa vya shawa. Hita na shawa za umeme ziwashwe baada ya kila mfereji wa maji moto kutoa maji mfululizo bila kukohoa hewa.