Jinsi ya kumfundisha mshambuliaji chipukizi kufunga kwa miguu yote miwili kama Son Heung-min

Katika msimu wa 2021/22 wa Ligi Kuu ya Uingereza, Son Heung-min, Mkorea aliyekuwa akichezea Tottenham, alifunga mabao 23 bila penalti hata moja na kugawana kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora na Mohamed Salah. Mabao 12 aliyafunga kwa mguu wa kushoto na 11 kwa mguu wa kulia, ingawa kwa asili yeye ni mtu wa mguu wa kulia. Kwa kocha wa timu ya mtaa pale Nkuhungu, Dodoma, au mwalimu wa michezo katika shule ya msingi ya Chamwino, mgawanyo huo una faida kuliko jumla yenyewe, kwa sababu kasi ya Son hatuwezi kumpa mtoto, lakini mguu wa pili unafundishika hata kwenye uwanja wa vumbi.

Shughulikia uwanja kwanza. Wakati wa kiangazi ardhi ya Dodoma hukauka na kuwa ngumu, mpira hudunda ovyo, na mbigili zilizotawanyika pembeni hutoboa mipira na kuchoma nyayo, kwa hiyo watoto wafagie na kuokota mbigili kabla ya kuanza. Raba zenye soli bapa zinafaa kuliko njumu ndefu kwenye ardhi ya namna hiyo, maana njumu zisizozama huteleza na kuumiza vifundo vya miguu. Fanya mazoezi asubuhi na mapema au baada ya saa kumi na nusu jioni, na maji ya kunywa yawepo uwanjani. Watoto wasiozidi miaka 12 watumie mpira namba nne.

Somo la kwanza ni danadana. Mtoto apige kwa mguu wa kulia peke yake, kisha wa kushoto peke yake, kisha kwa kupokezana, na akishazoea azunguke uwanja mpira ukiwa hewani. Son alifundishwa misingi hiyo na baba yake, Son Woong-jung, mchezaji wa zamani ambaye majeraha yalimstaafisha mapema, katika mji wao wa Chuncheon. Mwanawe amewahi kusimulia kwamba siku moja yeye na kaka yake waliadhibiwa kwa kupigishwa danadana saa nne mfululizo. Makocha wengi husimulia kisa hicho kwa kukisifu. Mimi nakitaja ili kisiigwe. Mwaka 2024 mahakama ya Chuncheon ilimtoza baba huyo faini, pamoja na makocha wa akademi yake, kwa kukiuka sheria ya ustawi wa watoto. Dakika 15 za danadana kila siku zinatosha, na fimbo ibaki nje ya uwanja.

Baada ya hapo ndipo yaje mashuti, na hapa pasifanyike haraka. Mabao mengi ya Son hutoka kwenye pembe mbili za kumi na nane (eneo la penalti), kushoto na kulia, mahali ambapo beki anapaswa kuamua azibe njia ipi. Mshambuliaji wa mguu mmoja amemrahisishia beki kazi, kwani akizibiwa upande wake atarudisha mpira nyuma. Mwenye miguu miwili akizibiwa ndani hutoka nje na kupiga, akizibiwa nje huingia ndani na kuuzungusha mpira kuelekea nguzo ya mbali. Chora pembe hizo kwa majivu au chokaa, lakini kwa watoto wadogo zisogeze hadi mita 12 hivi kutoka golini, kwa sababu mtoto akipigia mbali huanza kutumia nguvu na kusahau mbinu.

Fundisha kwanza mpira ukiwa umetulia. Mguu wa kuegemea ukanyage kando ya mpira, umbali wa kama shubiri moja, vidole vikielekea golini. Mguu wa kupiga uguse mpira kwa upande wa ndani, karibu na shina la kidole gumba, kisha uendelee mbele badala ya kukatishwa. Mguu wa kushoto ukigoma, kosa mara nyingi liko kwenye mguu wa kulia, ambao haujazoea kubeba uzito wote wa mwili, kwa hiyo mpe mtoto zoezi la kusimama kwa mguu mmoja huku akirudisha pasi fupi za mwenzake. Mpira unaotembea uje baadaye, na beki aje mwisho kabisa.

Kuhusu idadi, inafahamika kwamba katika mapumziko ya mwaka 2011 Son alirudi kwao na kupiga mashuti 1,000 kwa siku, nusu kwa kila mguu. Wakati huo alikuwa mchezaji wa kulipwa wa klabu ya Hamburg, Ujerumani, anayetimiza miaka 19. Mtoto wa miaka 12 apige 30 kwa kila mguu, mara tatu kwa wiki, na akilalamikia maumivu kwenye mfupa ulio chini ya goti apumzishwe, maana mifupa inayokua huumizwa na mapigo ya kurudiarudia.

Usiwahi pia kumfungia mtoto kwenye namba moja. Cho Gue-sung, aliyeifungia Korea Kusini mabao mawili ya kichwa dhidi ya Ghana katika Kombe la Dunia la 2022, alikuwa kiungo kabla ya kuhamishiwa ushambuliaji chuoni. Kiungo wako mrefu anayeingia vizuri ndani ya kumi na nane huenda ndiye namba tisa (mshambuliaji wa kati) wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, baada ya miaka mitatu.

Weka daftari lenye safu mbili, kushoto na kulia, na uandike mabao ya mechi za mazoezi kwa mguu uliofunga. Timu ikienda kutazama klabu ya Dodoma Jiji kwenye Uwanja wa Jamhuri, wape watoto kazi ya kuhesabu mawinga hupiga kwa mguu upi na wapi. Safu ya mguu dhaifu ikibaki tupu kwa wiki kadhaa, tangaza kwamba katika mechi za mazoezi bao la mguu huo linahesabiwa mawili, na uifute kanuni hiyo pale safu mbili zinapokaribiana.