Kabla ya kukimbia Ngong na Longonot: jiandae kwa mteremko

Mkimbiaji wa Nairobi anaishi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kwa hiyo mapafu yake yana faida ambayo mgeni kutoka Mombasa hana. Lakini vilima vya volkano kama Ngong na Longonot huwashinda watu kwenye udongo na kwenye mteremko. Unaweza kuzunguka msitu wa Karura kila wiki bila shida, kisha ukashuka Longonot mara moja tu na kushindwa kuteremka ngazi za nyumbani kesho yake. Kwa sababu hiyo maandalizi yaanze miguuni.

Kwanza ujue utakanyaga nini. Ngong ni mabaki ya volkano ya kale iliyokatwa na Bonde la Ufa. Lava yake imekaa muda mrefu hadi ikageuka udongo wa mfinyanzi wenye nyasi fupi juu. Ukikauka ni mzuri kukimbilia, ila mvua ikinyesha unashikamana na soli hadi kiatu kinakuwa kizito na laini kwa chini, na hapo ndipo watu huteleza. Longonot ni changa zaidi, na njia yake imejaa majivu na mawe mepesi yenye matundu. Huku mambo ni kinyume: kiangazi ndicho kibaya, kwa sababu mawe hayo huviringika chini ya kiatu kama gololi, na vumbi huingia kila mahali. Manyunyu ya jana hushikamanisha majivu, njia ikawa imara. Mvua kubwa ni habari nyingine, kwani huchimba makorongo katikati ya njia, na njia uliyoijua mwezi uliopita huenda sasa ikawa imekatika pabaya. Wiki yenye manyunyu, afadhali Longonot kuliko Ngong. Masika yakichacha, kati ya Machi na Mei, ahirisha zote mbili. Na usiingie kabisa kwenye makorongo membamba ya Hell's Gate, mbuga iliyo jirani na Longonot, mawingu yakiwa mazito popote juu yake: maji hutoka mbali na kufika ghafla, hata jua likiwa linakuwakia wewe. Watu wamekufa humo kwa namna hiyo, mwaka 2012 na tena 2019.

Kiatu cha lami kiache nyumbani. Tafuta soli yenye meno ya milimita 4 hadi 5, yaliyoachana vya kutosha ili tope la Ngong lidondoke lenyewe. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, la sivyo kucha zitagonga kwenye mteremko na kuwa nyeusi. Soksi zipande juu ya kifundo, kwani changarawe ya Longonot ikiingia kiatuni hukwangua ngozi kabla hujafika ukingoni mwa kreta, yaani shimo la volkano lililo juu. Kisha jifunze kufunga kamba vizuri. Pitisha kila ncha kwenye tundu la mwisho la upande wake, ubaki na kitanzi kidogo kila upande. Vusha kila ncha ipite ndani ya kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini hadi kisigino kikae imara, ndipo ufunge fundo. Kazi yake ni kuuzuia mguu usiteleze mbele ndani ya kiatu.

Mazoezi ya kushuka yaanze wiki sita kabla. Ukishuka, misuli ya mapaja hufanya kazi ya kukuzuia huku ikivutwa, na kazi hiyo huichana kidogo. Ndiyo maana maumivu hayaji siku hiyo bali huzidi siku ya pili. Habari njema ni kwamba misuli huzoea upesi ikipewa dozi ndogo. Tafuta mteremko wa udongo, ushuke kwa dakika mbili, upande ukitembea, urudie mara nne. Kila wiki ongeza mara moja. Mazoezi makali ya mwisho yawe siku kumi kabla ya safari. Ukiwa mteremkoni, piga hatua fupi za haraka, macho yatazame mita tatu au nne mbele, mikono iachie pembeni kukupa mizani. Woga humfanya mtu aegemee nyuma, na hilo ndilo kosa linaloangusha wengi: uzito ukikaa kisigino, kisigino kinatoroka. Kwenye kupanda, hakuna aibu kutembea ukisukuma magoti kwa mikono. Wanaokimbia kila mlima huwa wamekwisha kabla ya kileleni.

Longonot hupanda hadi mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kama kilomita 3, mzunguko wa kreta ni kilomita 7.2, kisha unarudi kwa njia ile ile. Juu hakuna maji wala kivuli. Beba lita mbili, na nyingine iachwe langoni. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu tangu Juni 2020, basi chukua chupa ya kudumu. Katika lita moja weka vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi vinatosha.

Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijakolea. Ada ya mbuga hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si pesa taslimu, kwa hiyo lipa ukiwa mjini na uhifadhi picha ya risiti. Ngong shida ni upepo na, kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu unaoficha njia. Kilele chake, mita 2,460, huwa na baridi kuliko mjini kwa nyuzi nne au zaidi, na koti jepesi la kuzuia upepo halina mbadala. Ukitaka kuvuka hadi Kona Baridi, mwisho wa kusini wa vilima, omba askari wa kukusindikiza pale langoni, kwani sehemu za kusini zimewahi kuwa na uporaji.

Nendeni watatu au zaidi: mmoja akiumia, mmoja abaki naye, mwingine aite msaada. Spika za masikioni ziondoeni, maana nyati wapo. Mkimwona, simameni, rudini nyuma polepole bila kumpa mgongo. Hifadhi ramani kwenye simu, beba filimbi, bendeji na betri ya akiba. Namba za kuwa nazo ni 999 na 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Uamuzi wa kugeuza ufanyike mapema. Ukifika nusu ya mzunguko wa Longonot, kurudi na kuendelea ni umbali ule ule, na njia ya kushukia langoni ni moja tu. Piga picha mahali inapokutana na ukingo unapofika, kwa sababu aliyechoka huipita bila kuitambua. Usikate njia ya mkato ubavuni: majivu hayashiki mguu. Anayerudi kwa matatu ya Mai Mahiu apange kuwa barabarani mapema alasiri, aache nguo kavu na nauli ndani ya mfuko usiopenya maji.