Tinti kwenye madirisha ya plastiki ya karavani: soma kabla karatasi haijakatwa

Nawaandikia Waganda na ndugu wengine wa Afrika Mashariki walioko Uingereza wanaonunua karavani iliyotumika, lile trela la kulala linalovutwa na gari, ili ikakae kwenye kiwanja Jinja au Fort Portal wakati nyumba inajengwa, au ipangishwe kwa watalii. Habari za meli, bandari ya Mombasa, mpaka wa Malaba na URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, sitawafundisha, mnazijua. Nazungumzia madirisha na tinti, ile karatasi ya plastiki inayobandikwa kuzuia jua, maana hapo ndipo nilipoumizwa na hapo ndipo wenzetu wanaendelea kuumizwa.

Kwanza jua unachonunua. Karavani za Uingereza na Ulaya kwa kawaida zina madirisha ya akriliki: mabamba mawili ya plastiki yenye hewa katikati. Trela nyingi za Kimarekani zina vioo. Zile video za mtandaoni ambapo mtu anabandika tinti kwenye trela yake na kumaliza kabla ya chakula cha mchana, nyingi ni za Wamarekani, na wanabandika juu ya kioo. Kwao ni sawa. Kwako ni hasara.

Mtego ulioninasa ulikuwa dukani. Duka la mtandaoni lilitangaza kwamba karatasi yake inafaa kwa karavani. Nikatuma vipimo, wakaikata, ikaletwa, ikabandikwa kwa maji ya sabuni kama maelekezo yao yalivyosema. Jua la kiangazi lilipowaka, malengelenge yakaanza kuota katikati ya dirisha, madogo kama punje za ulezi, kisha yakaungana na kuwa mapana. Kuinua ukingo wa karatasi, gundi ikabaki kwenye plastiki, na chini ya gundi kukaonekana nyufa nyembamba zilizosambaa hadi pembeni. Duka likajibu kwa adabu kabisa: masharti yanasema ni karatasi ya kioo, na kwa kuwa ilikatwa kwa vipimo vyako, hairudishwi.

Hilo la kukatwa lishikeni. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 zinampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kughairi bila kutoa sababu, lakini bidhaa iliyotengenezwa kwa vipimo vya mteja haimo. Ukishaagiza ikatwe kwa vipimo vyako, siku 14 hazipo. Kinachobaki ni Sheria ya Haki za Walaji ya 2015, inayodai bidhaa ilingane na maelezo yake na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Hiyo inakulinda hata kama karatasi imekatwa, na ndani ya siku 30 unaweza kuikataa na kudai fedha zako, ila ushahidi uwe mkononi. Basi kabla ya kulipa, piga picha ukurasa wa tangazo, na uwaulize kwa barua pepe swali moja: je, karatasi hii imeidhinishwa kwa dirisha la akriliki la mabamba mawili? Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, usinunue. Narudia: uliza kabla haijakatwa.

Waingereza ni watu wa maandishi. Muuzaji atakuchekea, atakuita rafiki, atakuuliza habari za hali ya hewa, lakini alichokutamkia kwa simu hakina uzito siku ya mgogoro. Nimeishi nao na nawaheshimu kwa jambo moja: ukiwa na barua, hata wewe mgeni usiyejuana na mtu unasikilizwa, tena bila kumpa yeyote chochote. Lakini wanaonelea ni wajibu wako kusoma maandishi madogo, na hawaoni haya kukuacha ujikwae humo. Sisi tuliozoea kuuliza muuzaji na kuamini uso wake tunaumia sana hapo.

Kwa nini plastiki inakataa? Akriliki hutanuka kwa joto takriban mara nane ya kioo. Bamba la mita moja likiongezeka joto kwa nyuzi 30 hurefuka karibu milimita mbili, wakati karatasi ya tinti haitanuki kiasi hicho, kwa hiyo vinavutana. Karatasi nyeusi nayo inanyonya jua na kulipasha bamba zaidi. Tena akriliki huwa na unyevu ndani yake. Ikipata moto unatoka, unakutana na gundi, na hayo ndiyo malengelenge. Ukijaribu kuondoa gundi kwa thina, petroli au dawa ya vioo yenye amonia, unaongeza nyufa. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa laini, basi.

Ndugu wa nyumbani watakwambia, "Leta tu, vijana wa Kisekka watabandika," yaani mafundi wa lile soko la vipuri vya magari la Kampala. Shemeji zangu, wajomba zangu, vijana wa Kisekka ni mafundi hodari wa vioo vya gari, sibishi. Lakini kazi yao ni ya wembe na mashine ya hewa moto, na akriliki hulainika kwenye nyuzi 100 hivi. Msimpe fundi kazi ambayo itamgombanisha nanyi. Wala msidhani kila kilichotoka Ulaya ni imara kuliko cha hapa.

Kinachofaa ni kuzuia jua nje, kabla halijafika dirishani: pazia la nje la kung'aa, turubai, au paa la mabati lililoinuliwa juu ya karavani. Kwa Uganda, ambako ikweta inapita Kayabwe, jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi likiwa limepita karibu na utosi. Elekeza ncha fupi za karavani mashariki na magharibi, na madirisha marefu yatapumua. Kama shida ni macho ya wapita njia tu, tumia karatasi isiyo na gundi, nyepesi, inayoshika kwa maji, na uijaribu kwanza kwenye dirisha dogo.

Na kabla karavani haijapanda meli, piga picha namba zilizochorwa kwenye kona ya kila dirisha. Bila namba hizo, kuagiza jingine ukiwa Jinja ni kubahatisha, na dirisha lisilolingana hata kidogo halifungi kwenye mpira wake. Mvua ya kwanza ikija, godoro linalowa.