Kupokea uongozi wa kituo cha afya cha serikali: hatua kwa hatua

Mtabibu au muuguzi anayeteuliwa kuwa mganga mfawidhi hupewa barua, ufunguo na siku chache za kujiandaa. Chuoni alifundishwa wagonjwa. Kazi anayoianza ni ya leja, zamu, maombi ya dawa na watumishi ambao juzi walikuwa wenzake wa zamu. Wengi huanza kwa kupaka rangi, kuhamisha vyumba na kutangaza mipango, kisha mwezi wa tatu dawa zinaisha na hakuna anayejua kwa nini. Mwongozo huu unashika njia nyingine: hesabu kwanza, badilisha baadaye. Hatua hizi ni za miezi mitatu ya kwanza, na baadhi huenda sambamba.

Hatua ya 1: Makabidhiano

Saini yako kwenye hati ya makabidhiano inasema kwamba kila kilichoandikwa humo kipo, na kuanzia leo kiko mikononi mwako. Usisaini kwa heshima ya anayeondoka. Kagueni pamoja, mbele ya shahidi kutoka ngazi ya juu yenu, mambo haya:

- Vifaa vyote, kwa namba ya usajili, na hali yake: kinafanya kazi, kibovu, kimeazimwa (na nani, tangu lini).
- Dawa zinazodhibitiwa kama mofini, pethidini na diazepamu: hesabu ampuli moja moja, linganisha na rejista yake.
- Vitabu vya stakabadhi: namba ya kwanza na ya mwisho ya vilivyotumika na visivyotumika.
- Fedha taslimu, masurufu (fedha anazotanguliziwa mtumishi kwa kazi maalumu) ambayo hayajarejeshwa, madeni ya wazabuni, na majina ya watia saini benki.
- Hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa.
- Majalada ya watumishi, funguo zote na kitabu cha safari za gari.

Vitabu vya stakabadhi ndivyo vinavyosahaulika zaidi, na ndivyo vinavyoumiza zaidi. Kitabu kikipotea kabla hujafika na upotevu ukagundulika mwaka mmoja baadaye, atakayeulizwa ni aliyesaini kuwa alikipokea. Kama mtangulizi wako amekwisha kuondoka, hesabu ukiwa na watumishi wawili, wote wasaini, na mapungufu uyapeleke kwa barua ngazi ya juu ndani ya wiki ya kwanza. Baada ya hapo barua hiyo hupungua nguvu kila siku.

Hatua ya 2: Stoo ya dawa

Chagua dawa 20 zinazotumika zaidi. Kwa kila moja linganisha vitu vitatu: idadi iliyopo rafuni, idadi kwenye kadi ya stoo, na idadi iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwisho iliyotumwa. Tofauti ya kadi na rafu huwa ni uzembe wa kuandika au wizi. Tofauti ya kadi na taarifa huwa ni kujaza fomu kwa makisio siku ya mwisho. Magonjwa hayo mawili hayana dawa moja, kwa hiyo usiyachanganye.

Kisha pitia hesabu ya maombi, maana hapa ndipo vituo vingi hujitengenezea uhaba vyenyewe. Chukua mfano wa vidonge 4,200 vilivyotoka katika miezi mitatu. Kwa haraka utagawa kwa 3 na kupata 1,400 kwa mwezi. Lakini kadi inaonyesha kuwa dawa hiyo ilikuwepo siku 60 tu kati ya 90. Matumizi halisi ni 4,200 ÷ 60, yaani 70 kwa siku, ambayo ni 2,100 kwa mwezi.

Kiasi cha kuagiza hupatikana hivi: matumizi ya mwezi mara idadi ya miezi ya akiba ya juu (kiasi kikubwa kabisa ambacho stoo inapaswa kuwa nacho), toa kilichopo stoo, toa kilichoagizwa ambacho hakijafika. Akiba ya juu ikiwa miezi minne na stoo ikiwa na 900, hesabu sahihi ni 2,100 × 4 − 900 = 7,500. Hesabu ya haraka inakupa 4,700. Utapungukiwa vidonge 2,800, dawa itaisha mapema, siku bila dawa zitaongezeka, na ombi lijalo litakuwa dogo zaidi. Ukiona dawa ile ile inaisha kila robo mwaka huku bohari ikikuletea ulichoomba kikamilifu, angalia hesabu hii kabla ya kulaumu bohari.

Panga rafu ili kinachokaribia kuisha muda kikae mbele na kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana. Dawa zilizokwisha muda zitenge, zifungie, ziandike, na uombe kibali cha kuziteketeza. Kuzichoma nyuma ya kituo bila kibali ni hoja ya ukaguzi.

Hatua ya 3: Friji ya chanjo

Joto liwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, lisomwe asubuhi na jioni, sikukuu ikiwemo. Tazama chati ya miezi miwili iliyopita. Chati yenye nyuzi 4 kila asubuhi na kila jioni bila kupanda wala kushuka imejazwa na mtu aliyekaa mezani.

Watu huogopa joto na kusahau ubaridi. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile ya mchanganyiko wa kinga tano huharibika zikiganda, na baada ya kuyeyuka hazionyeshi dalili kwa macho. Usiziweke zikigusa ukuta wa friji wala karibu na sehemu ya barafu. Ukizitilia shaka, chukua chupa nyingine ya mtengenezaji na toleo lile lile, igandishe usiku kucha kisha iyeyushe. Tikisa hiyo pamoja na ile unayoishuku, ziweke mezani na uzitazame kwa dakika 30. Ile unayoishuku ikituama kwa kasi sawa na iliyogandishwa, au kuizidi, usiitumie.

Hatua ya 4: Zamu na idadi ya watu

Kabla ya kulalamika kuwa watumishi ni wachache, jua ni wachache kwa kiasi gani. Anza na muda wa kazi wa mtu mmoja. Mwaka una wiki 52 za siku 5, yaani siku 260. Toa likizo ya mwaka (tuseme 28), sikukuu (12), ugonjwa na dharura (5), mafunzo (5). Zinabaki 210, ambazo kwa saa 8 ni saa 1,680. Weka tarakimu za utumishi wa kwenu. Njia ni ile ile.

Sasa mzigo wa kazi. Kituo kikiona wagonjwa wa nje 12,600 kwa mwaka na kila mmoja akichukua dakika 12 za mtabibu, hiyo ni saa 2,520. Gawa kwa 1,680, unapata watabibu 1.5. Kama asilimia 20 ya muda wao huliwa na taarifa, vikao na usimamizi, gawa 1.5 kwa 0.8 upate 1.9. Unahitaji wawili. Huu ndio msingi wa WISN, zana ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria idadi ya watumishi kwa mzigo wa kazi, na ombi la watumishi lililojengwa hivi husomwa tofauti na barua inayosema "tunazidiwa na kazi".

Hesabu hiyo hiyo inafichua jambo ambalo wapanga zamu wapya huligundua kwa uchungu. Mwaka una saa 8,760. Nafasi moja isiyokaa wazi usiku wala mchana, kama muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, inahitaji 8,760 ÷ 1,680, yaani watu 5.2. Ukiwa na wauguzi watatu, ratiba ya saa 24 inayoonekana imejaa kwenye karatasi inakula likizo au usingizi wao. Itavunjika siku mmoja akiugua. Ni afadhali usiku uwe na zamu ya kuitwa, jina na namba ya simu vikiwa vimebandikwa mlangoni, kuliko muuguzi aliyesinzia kwenye zamu ya nne mfululizo.

Bandika ratiba wiki mbili kabla ya mwezi kuanza. Mabadiliko yaandikwe juu yake na wabadilishanaji wote wawili wasaini. Na jina lako liwe humo, pamoja na usiku na mwishoni mwa wiki, angalau miezi hii ya mwanzo.

Hatua ya 5: Takwimu

Chukua mwezi mmoja uliopita. Hesabu upya wagonjwa kwenye rejista, kisha linganisha na taarifa iliyotumwa. Rejista ikiwa na 412 na taarifa ikasema 468, gawa 412 kwa 468: asilimia 88. Kati ya 90 na 110 huchukuliwa kuwa inavumilika. Chini ya hapo mmeripoti zaidi ya mlichofanya, juu yake mmeripoti pungufu. Rudia kwa chanjo na kwa wajawazito. Makosa mengi hutokea kwenye kujumlisha kurasa, na kufunga kila ukurasa kwa jumla yake siku hiyo hiyo huyapunguza sana.

Baada ya kuziamini, zitumie. Watoto 240 walipata dozi ya kwanza ya chanjo ya kinga tano, 204 wakapata ya tatu: waliopotea ni 36 kati ya 240, asilimia 15. Ikizidi 10, tatizo liko kwenye kuwarudisha watoto, maana kituo walikwisha kukifikia. Uliza ni siku ngapi kwa wiki mnachanja, mama anaambiwa nini anapoondoka, na nani anawafuata waliokosa. Ukipata jibu hasi, yaani dozi ya tatu imezidi ya kwanza, rudi kwanza kwenye rejista.

Hatua ya 6: Fedha

Fupi: anayeomba, anayeidhinisha na anayelipa wasiwe mtu mmoja. Makusanyo yaende benki kwa utaratibu uliowekwa, yasitumike yakiwa njiani hata kwa mafuta ya gari la rufaa. Kwa dharura hiyo omba masurufu mapema, na uyarejeshe kwa hati kabla ya kuomba mengine.

Hatua ya 7: Waliokuwa wenzako

Katika wiki mbili za kwanza kutana na kila mtumishi peke yake, dakika 20, maswali matatu: nini kinakukwamisha kazini, nini kinafanya kazi vizuri nisikiguse, na unadhani mgonjwa anateseka wapi hapa. Andika majibu. Anza na muuguzi mkongwe na mtunza stoo. Wanajua historia ya kila kasoro, na ukiwaruka watakuacha ujifunze mwenyewe. Mwenye umri mkubwa kuliko wako msahihishe faraghani na kwa maneno ya heshima, lakini umsahihishe.

Mtumishi anayechelewa: mara ya kwanza mazungumzo, ya pili mazungumzo yenye kumbukumbu iliyoandikwa, ya tatu barua ya kutaka maelezo. Viongozi wengi hunyamaza miezi sita kisha hulipuka kwa barua kali, na kamati ya nidhamu inauliza onyo la awali liko wapi.

Kikao cha watumishi kiwe kila mwezi, kisizidi saa moja. Muhtasari uwe na safu tatu tu: jambo, mhusika, tarehe. Kikao kinachofuata kianze na muhtasari huo; watu wakiona hausomwi, wataacha kutekeleza.

Hatua ya 8: Kuomba ngazi ya juu

Ofisi ya juu hupokea maombi ya vituo vingi. Barua inayosikilizwa ni ya ukurasa mmoja: tatizo kwa tarakimu, mlichokwisha kufanya kwa uwezo wenu, mnachoomba (kiasi na gharama), na kitakachotokea msipopata. Ipeleke kabla bajeti haijaandaliwa. Barua nzuri iliyofika baada ya bajeti kufungwa husubiri mwaka mzima.

Hatua ya 9: Jalada lako mwenyewe

Kila mabadiliko yanayofanikiwa yaandike kwenye ukurasa mmoja: hali kabla, ulichofanya, hali baada, na ushahidi uko kwenye rejista ipi. Katika usaili wa nafasi ya ngazi ya juu, "nilisimamia huduma za chanjo" ni sentensi ya kila mwombaji. Kueleza ulivyoshusha waliopotea kutoka asilimia 15 hadi 8, na nani alifanya nini, ni ya wachache.

Ukitaka kusonga kwenye udhibiti wa magonjwa, tafuta mafunzo ya epidemiolojia ya uwandani, yaani ya kufuatilia na kuchunguza magonjwa katika jamii. Yana ngazi tatu. Ya awali huchukua takriban miezi mitatu na hufanyika bila kuacha kituo chako, ya juu huchukua miaka miwili. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii inafaa zaidi kwa anayelenga mipango na uongozi wa ngazi ya juu, na inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umekwisha kusimamia stoo na bajeti. Kwa vyovyote, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kwenda. Mtumishi wa umma anayeondoka kwenda masomoni bila ruhusa anaweza kuhesabiwa mtoro na mshahara wake ukasimamishwa, hata kama chuo kimempokea.